Homa, Vipimo na Dawa: Maswali Tunayoulizwa Dirishani

Nafanya kazi maabara hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupokea vikopo dirishani, kuotesha, kuangalia kwa hadubini na kuandika majibu. Maswali haya nimeulizwa pale dirishani, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa hata msibani. Sayansi ya vijidudu imepiga hatua kubwa miaka hii, na nyingine zimepigwa hapa hapa nchini. Nimejibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama mbele yangu.

Mtoto ana homa kali. Si malaria hiyo? Kwa nini nilipie kipimo wakati dawa naijua?

Zamani hata sisi wa afya tulikuwa tunawaza hivyo. Kisha ukaja utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, ukachapishwa 2014. Watoto 1,005 wenye homa, wote chini ya miaka 10, walichunguzwa kwa kina. Waliokutwa na ugonjwa wa virusi walikuwa asilimia 70.5. Wa bakteria asilimia 22. Wa vimelea, ambao kwa kiasi kikubwa ni malaria, asilimia 10.9. Ukijumlisha utaona inavuka mia, kwa sababu wapo watoto waliokuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Hebu zipime namba hizo mwenyewe. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na virusi, na virusi havifi kwa antibiotiki wala kwa dawa mseto. Lakini yule mmoja mwenye malaria, ukimwacha siku mbili unaweza kumpoteza. Kwa kumtazama usoni huwezi kumtofautisha na wenzake. Tone la damu na dakika 15 au 20 za kusubiri ndizo zinazomtofautisha.

Alitibiwa malaria, wiki mbili baadaye kipimo cha haraka bado kinaonyesha anayo. Dawa imeshindwa?

Mara nyingi hapana. Kipimo kile hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, iitwayo HRP2, nayo hubaki kwa wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Hapo mwambie daktari kwamba mtoto ametoka kutibiwa, tuangalie kwa hadubini. Kwenye hadubini tunamwona mdudu mwenyewe, kama yupo.

Nimepimwa nikaambiwa nina malaria, taifodi na UTI kwa mpigo mmoja. Inawezekana?

Inawezekana, lakini ni nadra kuliko inavyoandikwa kwenye vyeti vya mji huu. Hili linaniuma, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Taifodi yetu nyingi inatoka kwenye kipimo cha Widal. Ni kipimo cha mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa dhidi yake. Sasa mtu aliyewahi kuugua zamani anao askari hao. Aliyechanjwa anao. Aliyekutana na bakteria wa ukoo huo huo wa salmonela anaweza kuwa nao, na hata malaria inaweza kukidanganya kipimo kikasoma chanya. Kwenye jiji ambalo watu wengi wamekunywa maji ya visima na kula mitaani tangu utotoni, Widal moja peke yake haikuambii kama unaumwa taifodi leo. Jibu la kuaminika linatoka kwenye kuotesha damu, tena damu iliyotolewa kabla hujameza antibiotiki.

Katika utafiti ule wa watoto, taifodi ilikutwa kwa asilimia 3.7 ya watoto, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa asilimia 5.9. Kwa hiyo magonjwa haya yapo, na taifodi ya kweli inaua. Haipo tu kwa wingi tunaotangaziana.

Dada mmoja alinifungulia daftari lake la matibabu pale dirishani. Ndani ya miezi sita alikuwa ameandikiwa taifodi mara nne, katika zahanati mbili tofauti, kila mara kwa Widal, kila mara akapewa antibiotiki ya sipro. Homa ikawa inapoa na kurudi. Tulipootesha damu yake hakukuota kitu. Mkojo ndio uliosema: bakteria wa kwenye njia ya mkojo, na kwa sipro zote zile alizokwisha meza, walikuwa hawashtuki tena.

Kuotesha ni nini hasa, na kwa nini nisubiri siku tatu?

Natamani kila mgonjwa aingie ndani aone mara moja. Tuna sahani ya plastiki ya mviringo, upana wake kama sentimita tisa. Ndani yake kuna ajari, rojorojo linalotokana na mwani, lililochanganywa na chakula ambacho bakteria wanakipenda. Nachovya kitanzi cha waya kwenye mkojo wako, nachora mistari juu ya rojo, naweka kwenye kabati la joto la nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi, kama wewe ni mgonjwa kweli, mistari ile imejaa madoa. Bakteria aina ya E. coli kwenye sahani ya ajari aina ya MacConkey huwa na madoa ya rangi ya waridi iliyokolea, na kila doa ni mamilioni ya ndugu waliotokana na mzazi mmoja.

Siku ya pili nachukua madoa machache, nayapaka sawasawa juu ya sahani mpya, kisha napandikiza vijikaratasi vya duara, kila kimoja kina dawa yake. Siku ya tatu ndiyo ya hukumu. Dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara safi, kama uwanja uliofyekwa. Isiyofanya kazi, bakteria wameota hadi wameigusa karatasi.

Sahani ninayoikumbuka zaidi ni ya mama mmoja wa Mbagala. Karatasi ya amoksilini: wameota hadi ukingoni. Sipro: hadi ukingoni. Seftriaksoni, sindano ambayo alikuwa amechomwa siku tano kwa hela ya kukopa, vilevile. Pembeni kabisa kulikuwa na nitrofurantoini, kidonge cha zamani cha bei nafuu, na duara lake lilikuwa pana na jeupe. Nilibaki nimeishika sahani ile mkononi. Dawa yake ilikuwepo siku zote.

Zipo mashine mpya zinazotambua jina la bakteria kwa dakika chache, kwa kupima uzito wa protini zake. Zinaokoa muda mwingi, lakini bado zinataka doa lililoota kwanza.

Daktari amesema nina usugu. Mwili wangu umezoea dawa?

Mwili wako hauna kosa. Waliozoea ni bakteria. E. coli akiwa mahali pazuri anagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na katika kugawanyika huko kunatokea makosa ya kunakili. Kosa likimpa mmoja uwezo wa kuikwepa dawa, wenzake wanakufa na yeye anabaki na nyumba nzima. Wengine wana kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Na kibaya zaidi wanapeana maarifa hayo: kipande kidogo cha DNA cha duara, kiitwacho plasmidi, kinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa ukoo tofauti.

Ndiyo maana unaweza kupata bakteria sugu hata kama wewe binafsi hujameza antibiotiki miaka mitano. Umempata kwa maji, kwa mikono, kwa kitanda cha wodini. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 yalikuwa vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliionya dunia juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki mafungu matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Azithromaisini, ambayo mtu anainunua dukani kwa mafua kama anavyonunua pipi, iko fungu la pili. Ikituponyoka hiyo tumeumia.

Nikipata nafuu siku ya tatu niache?

Maliza ulichoandikiwa. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa kwa magonjwa kadhaa dozi fupi inatosha kama ndefu, lakini ufupi huo anauamua daktari. Na vidonge vilivyobaki usimpe jirani.

Hakuna dawa mpya zinazokuja?

Zipo, ila zinakuja polepole kuliko bakteria wanavyojifunza. Machi 2025 Marekani iliidhinisha jepotidasini, kidonge cha UTI kwa wanawake, kinachoshambulia bakteria kwa njia ambayo dawa za zamani haziitumii. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walifundisha kompyuta kupekua maelfu ya kemikali, ikawaletea halisini, kemikali iliyokuwa ikichunguzwa kwa ajili ya kisukari na kumbe inaua bakteria sugu kwenye sahani na kwa panya wa maabara. Bado haijawa dawa ya binadamu.

Na kuna faji, virusi wanaokula bakteria tu na kumwacha binadamu. Félix d'Herelle aliwaeleza mwaka 1917, na Tbilisi, Georgia, wamewatumia kutibu tangu enzi hizo. Sehemu nyingine za dunia ziliwasahau penisilini ilipokuja. Sasa wanarudiwa. Ugumu wake ni kwamba kila faji anachagua bakteria wake, kwa hiyo hata hapo utaanza kwa kuotesha.

Kikohozi wiki ya tatu. Nitajuaje kama ni TB?

Leta makohozi. Hadubini inahitaji bakteria kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo tumwone, na wagonjwa wengi hawafikii hapo. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, inatafuta DNA ya bakteria wa TB, inampata hata akiwa mchache sana, na ndani ya saa mbili inakuambia pia kama anaikaidi dawa ya rifampisini. Kwangu hiki ndicho kipimo kilichobadilisha kazi yetu kuliko kingine chochote.

Na ndiyo, habari ya panya ni ya kweli. Panya buku wanaofundishwa Morogoro na shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, wananusa makohozi yanayotoka kliniki za Dar es Salaam na kwingineko. Panya mmoja anapitia sampuli 100 ndani ya dakika 20 hivi. Anapotulia na kukwaruza juu ya sampuli iliyosemwa haina kitu, maabara inaipima tena. Wapo wagonjwa wengi waliopatikana kwa pua hiyo baada ya sisi kuwakosa.

TB sugu nayo si hukumu ya kifo. Zamani matibabu yalikuwa miezi 18 au zaidi, na sindano zilizowaacha watu viziwi. Tangu 2022 kuna matibabu ya vidonge ya miezi 6: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Chanjo tuliyonayo, BCG, ni ya mwaka 1921 na inawalinda zaidi watoto wadogo. Chanjo mpya iitwayo M72 iliingia majaribio makubwa Afrika Kusini mwaka 2024, ikiwalenga vijana na watu wazima.

Chanjo ya malaria ni salama? Wanatujaribia sisi Waafrika?

Swali hili nalijibu kwa heshima, maana hofu yake ina historia. Chanjo hizi zilijaribiwa Afrika kwa sababu malaria inaua watoto wa Afrika. Kuzijaribu mahali pasipo na malaria kusingetueleza chochote. Na waliozifanyia kazi ni pamoja na Watanzania wenzetu. Ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe pamoja na vituo vya nchi nyingine, ikapendekezwa Oktoba 2021. Ya pili, R21, ilijaribiwa Burkina Faso, Kenya, Mali na tena Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, ikapendekezwa Oktoba 2023. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 kwenye maeneo ya malaria ya msimu, na asilimia 68 kwenye maeneo ya malaria ya mwaka mzima.

Ni dozi nne, kuanzia umri wa miezi mitano. Haizuii kila mdudu, kwa hiyo chandarua hakitoki kitandani.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi liko Karagwe, Kagera. Huko watafiti wetu wamekuta vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, lile lile lililoonekana Rwanda, linalofanya dawa ya atemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto, ichelewe kuviondoa kwenye damu. Dawa mseto bado inatibu. Inatibu kwa sababu ndani yake kuna dawa mbili, na ndiyo maana kula nusu dozi na kuweka nyingine kabatini ni kuvifundisha vimelea hivyo.

Kuna mbu wa maabara wameachiwa mitaani?

Wale unaowasikia, wa Bagamoyo, wamebadilishwa jeni ili kimelea cha malaria kikwame kukua ndani yao. Ni kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) na chuo cha Imperial College London, na imefanyika ndani ya maabara yenye ulinzi mkali.

Kinachomwagwa kwenye madimbwi ni kitu kingine kabisa: bakteria. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza dawa ya viluwiluwi kutokana na bakteria wa jamii ya basilasi. Kiluwiluwi akiwala, sumu yao inapasua utumbo wake. Samaki na mtu haiwadhuru.

Malaria haionekani, lakini viungo vinauma hadi kwenye mboni za macho. Ni nini?

Fikiria dengue, hasa baada ya mvua. Dar es Salaam imeshapata milipuko, ukiwemo wa 2014 na wa 2019. Mbu wake, Aedes, anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi: tairi, ndoo, kifuu, sahani ya chini ya maua. Kipimo cha dengue kiitwacho NS1 kinafanya kazi vizuri siku tano za mwanzo, kwa hiyo usikae nyumbani ukingoja.

Tafadhali usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Dengue inapunguza chembe za kugandisha damu, na dawa hizo zinaongeza kuvuja damu. Parasetamo na maji mengi. Homa ikishuka halafu tumbo likauma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikatoa damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kushuka kwa homa ndipo hatari inapoanza kwa baadhi ya wagonjwa.

Ndugu yake ni chikungunya, aliyetambuliwa kwetu mwaka 1952, upande wa Newala. Jina ni la Kimakonde, la mtu anayejikunja kwa maumivu.

Marburg ikifika Dar tutajuaje?

Kagera ilipata mlipuko wa kirusi hiki, ndugu wa Ebola, Machi 2023, na tena Januari 2025 kule Biharamulo. Mara ya pili watu 10 waliugua, wawili wakithibitishwa kwa maabara, na wote walifariki. Sampuli zilipimwa kwenye maabara ya Kabaile, huko huko Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Miaka ya nyuma sampuli za aina hii zilikuwa zinapanda ndege. Sasa mashine zinazosoma jenomu yote ya kirusi zimekuwa ndogo kiasi cha kushikwa mkononi, na kwa kulinganisha herufi za jenomu unajua kama mgonjwa wa leo aliambukizwa na wa jana au kirusi kimetoka upya kwa popo.

Rwanda, mwaka 2024, ilipata wagonjwa 66 na kupoteza 15. Kwa Marburg hiyo ni idadi ndogo mno ya vifo, na sababu kubwa ni kwamba wagonjwa walifuatwa mapema na kuhudumiwa kwa nguvu zote.

Nimesikia kuna sindano ya VVU ya mara mbili kwa mwaka. Inatibu?

Inakinga. Inaitwa lenakapaviri. Katika utafiti uliotangazwa 2024, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 waliipata na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa msichana asiyeweza kuonekana na kopo la vidonge nyumbani, tofauti hiyo ni maisha yake. Lazima upimwe na uwe huna maambukizi kabla ya kuchomwa. Aliye na VVU anaendelea na dawa zake kwenye kliniki ya CTC.

Je, nife nikisubiri majibu ya siku tatu?

Hapana. Mtoto anayepata degedege, asiyenyonya, anayepumua kwa shida, mtu aliyechanganyikiwa au mjamzito mwenye homa kali: anatibiwa palepale. Tunachoomba ni damu au mkojo utolewe kwanza, kazi ya dakika mbili, ndipo dawa ianze. Majibu yakija daktari anabadilisha dawa ikibidi.

Nilete sampuli vipi ili isikataliwe?

Mkojo: chukua kikopo chetu, usilete chupa ya soda hata kama umeiosha. Jisafishe kwa maji. Acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, funika bila kugusa ndani. Ufike dirishani ndani ya saa mbili. Kwa joto la Dar es Salaam bakteria wachache wa kwenye ngozi wanakuwa maelfu ukiwa bado kwenye foleni ya mwendokasi.

Makohozi: asubuhi, kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji. Simama nje, mahali penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka kifuani. Mate hayatoshi. Tukikurudishia kikopo usikasirike, mama. Tunataka kumwona mdudu.

Na tuambie kila ulichokwisha meza, hata kile kidonge kimoja cha rangi mbili ulichopewa na shemeji jana usiku. Hatutakugombeza. Tutakiandika kwenye fomu, kando ya jina lako.